Alichosema Mzee wa Simu

Mwanangu Josiane,

Barua zetu sisi huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi ya leo umekunywa chai vikombe viwili, umegombana na mdogo wako Nadine kuhusu chaja, kisha mmeondoka wote na mama yako kwenda kanisani kuombewa safari. Nilisema mgongo unaniuma, ndiyo maana sikuja. Mgongo hauniumi. Nilitaka nyumba ikae kimya mchana huu nikuandikie, kwa sababu kesho kwenye gari mama yako ataongea kuanzia hapa Louisville mpaka Buffalo, na kazi yangu itakuwa kushika usukani na kuitikia.

Sina la kukwambia kuhusu koti la baridi, wala mabasi, wala vijana wa kule. Hayo mama yako ameyasema mpaka Nadine ameyakariri. Na shangazi yako yupo, ile nyumba yake ya mbao pale West Side unaijua, atakulisha hata ukikataa. Mimi nataka kukuandikia habari ya filamu. Usicheke kwanza. Au cheka, ila endelea kusoma, kwa sababu ndani ya habari hiyo kuna jambo nimekuficha tangu mwezi wa tatu, na sitaki tuvuke mto kesho kabla hujalijua.

Unajua kwamba kule kambini Tanzania nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Umesikia watu wakinisifu. Ngoja nikupe ukweli wake. Filamu ikifika, iwe ya Kihindi, ya Kichina au ya Wamarekani, mimi nilishika maiki nikawaeleza watu nini kinasemwa. Kihindi sikukijua. Kichina sikukijua. Kiingereza nilijua kusalimia na kuhesabu mpaka ishirini. Nilitazama midomo, nilitazama macho, nikakisia, na nikikosea hakuna aliyenigundua, maana wote tulikuwa gizani pamoja. Ilikuwa raha sana, siwezi kukudanganya. Lakini ilinizoesha tabia mbaya, ya kumsemea mtu ambaye hana namna ya kunipinga. Niliibeba tabia hiyo kwenye ndege nikaja nayo huku.

Basi kulikuwa na dada mmoja Mjapani aliyefanya kazi kwenye zahanati ya kambi. Alipomaliza mkataba akaacha sanduku la kaseti, na Baba Riziki, yule Mkongo aliyekuwa na banda, akalibeba kwa furaha kubwa. Tukatangaza kambi nzima kwamba kuna filamu za Kijapani. Watu wakajua ni karate. Banda likajaa, wengine wakachungulia kwenye matundu ya turubai. Kaseti ikaanza, picha haina rangi, na dakika ishirini zikapita hakuna aliyempiga mwenzake hata kibao. Mzee amekaa chini anachonga kiatu cha mbao. Binti yake anamimina chai. Mzee anakunywa chai. Vijana wakaanza kupiga miluzi, na Baba Riziki akanitazama kwa jicho la kunifukuza kazi.

Zilikuwa kaseti nne, zote vichekesho vya zamani, vya enzi za ujana wa babu zako, na zote zilikuwa na jambo moja: kitu kipya kinaingia kwenye nyumba ya watu wa zamani. Katika moja ni mashine ya kufulia nguo, na bibi kizee anaivizia nyuma ya mlango akidhani ndani kuna mtu. Katika nyingine mzee mwenye bafu la mtaa anakosa wateja kwa sababu kila nyumba imejenga bafu lake, basi anachukua taulo lake na kwenda kuoga kwa majirani, nyumba moja baada ya nyingine, kuwakomoa. Lakini iliyopendwa kuliko zote ni hiyo ya kwanza, ya fundi viatu. Kambini tuliiita Mzee wa Simu.

Wewe umeiona, lakini niache niisimulie, ndiyo kazi niliyoijua. Binti ameajiriwa na kampuni ya simu, na siku moja analeta simu nyumbani, ya kwanza kwenye uchochoro wao. Mzee anaiogopa. Anaiweka juu, pale wanapoweka picha za marehemu wao, na kuifunika kitambaa. Ikilia, anavaa koti kwanza ndipo aipokee. Akiongea anainama mpaka kichwa kinakaribia mkeka, anamwinamia mtu asiyemwona. Kisha anamtafutia binti mchumba kwa desturi yao, wageni wamekaa wamenyooka, maneno mazito yanasemwa, simu inalia katikati, na ukoo mzima unaigeukia na kuiinamia. Hapo watu walivunjika mbavu. Hata mimi maiki ilinitoka mkononi.

Mwishoni binti anahamishiwa kazi mji mkuu. Mzee hataki. Hasemi hapana, ila anaficha viatu vyote vya binti yake. Fundi viatu mzima, nyumba imejaa viatu hadi dari, na mtoto hana cha kuvaa. Binti anaondoka na viatu vya kazini vya baba yake, vinampwaya, anaburuza miguu mpaka stesheni. Treni ikiwa imeshaanza kutembea, mzee anatokea mbio, amekumbatia viatu vya binti, anamrushia dirishani. Kisha anasimama kando ya reli, anainama, anainama sana, na midomo yake inacheza. Kuna kitu anasema.

Na mimi na maiki yangu nikawaambia watu kwamba mzee amedondosha kiatu chake na anakitafuta chini. Nikaongeza kwamba anasema, huyu binti mkaidi, kesho atarudi analia. Nilisema hivyo kwa sababu mzazi kumwinamia mtoto ni kitu ambacho kichwani mwangu hakikuwepo. Kwetu mtoto ndiye anayempokea mzazi kwa mikono miwili na kushusha macho. Baba mtu mzima, mbele ya abiria, ainame? Lazima kuna kitu kimeanguka. Sikusema uongo kwa makusudi, Josiane. Niliona kile nilichoweza kuona.

Watu walipiga makofi. Wamama wawili walikuja kunishukuru kwa mafunzo niliyowapa mabinti wao. Ila mama yako, ambaye wakati huo alikuwa amekubeba mgongoni, aliniambia njiani tukirudi kwamba yule mzee alikuwa analia. Nikamjibu kwamba yeye hajui Kijapani.

Kumbe Mzee wa Simu alikuwa ananisubiri huku. Tulipofika Louisville, ile nyumba yetu ya kwanza kule Shively, Mzee wa Simu nilikuwa mimi. Wiki ya kwanza mama yako alipokaanga samaki, kile king'ora cha moshi kikalia, nikatoka nje na begi la nyaraka zetu zote nikiwa pekupeku, nikijua tunafukuzwa. Simu ikilia nilisimama wima. Mpaka leo supavaiza akinipigia nasimama, na wewe na Nadine mnacheka nyuma ya mlango mkidhani sisikii. Na unakumbuka siku nilipopiga simu kliniki, mwanamke akaanza kuongea kwa sauti nzuri, nami nikamjibu kwa adabu, nikamshukuru, nikamuuliza habari za nyumbani kwake? Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulinitazama kidogo, ukanyoosha mkono, ukasema, "Baba, huyo ni mashine. Nipe."

Nilikupa. Na tangu siku hiyo sikuichukua tena simu. Barua za ofisini ulisoma wewe. Kwa daktari ulikaa wewe katikati yangu na yeye, na vitu vingine mtoto hakupaswa kuvisikia kuhusu tumbo la mama yake. Shuleni kwa Nadine uliongea wewe. Nilijivunia, nilikaa na watu kanisani nikawaambia, binti yangu ndiye mdomo wangu. Sikujiuliza wewe mdomo wako unautumia saa ngapi.

Sasa tufike pale ambapo ningependa kuruka.

Mwezi wa tano mwaka jana mwalimu mshauri wa shule yako alituita. Ulikaa pembeni yangu na ile blauzi yako nyeupe. Alisema, wewe ukinitafsiria, kwamba umepata nafasi ya kusomea uuguzi Buffalo, masomo yamelipiwa, na kwa kuwa hujatimiza miaka kumi na nane inatakiwa sahihi yangu. Ukamaliza, mikono umeibana katikati ya magoti. Nikasema hapana. Nikasema kwetu msichana hatoki nyumbani mpaka familia imsindikize kwa sherehe. Hata kisingizio cha ugeni sikuwa nacho, maana dada yangu mwenyewe yuko hukohuko. Nilisema mila, nikasema mila tena, na nikakuamuru uyaseme kwa Kiingereza.

Ukasema maneno manne, na yote manne nilikuwa nayajua. Baba yangu anasema hapana.

Mwalimu alikutazama, akakuuliza tena, ukarudia vilevile. Mwanangu, mimi nimetafsiri filamu miaka tisa. Najua jinsi ilivyo rahisi kumgeuzia mtu maneno. Ungeweza kumwambia mwalimu chochote, ungeweza kunipa kalamu ukasema sahihi hapa ni ya kushukuru kwa kuja, nami ningesaini na kutoka natabasamu. Ulikuwa na maiki mkononi na hukunifanyia nilichowafanyia watu kambi nzima. Ulilibeba hapana langu kwa mdomo wako mwenyewe, likiwa zima, na lilikuwa linakuumiza wewe. Kisha mwalimu akaongea muda mrefu, nawe ukanigeukia ukasema, "Anasema sawa." Nilijua yamepunguzwa. Sikuuliza.

Mila haikuwa na kosa lolote pale, niliisingizia. Dada yangu huyohuyo aliondoka nyumbani bila sherehe, hakuna aliyekufa. Ukweli ni kwamba mwalimu alipotaja Buffalo mimi niliona barua zimekaa mezani hazijafunguliwa. Niliona nimesimama kliniki na mama yako anaumwa na mimi sijui kusema wapi. Niliogopa, nikauvalisha uoga wangu nguo za wazee.

Mwaka mzima uliofuata tulipanda gari moja kwenda ghala la Okolona, wewe upande wa skana, mimi upande wa maboksi. Hukunikosea adabu hata siku moja. Ndiyo Baba, sawa Baba. Ulikuwa unavaa visikilizio masikioni tukitoka nyumbani na kuvivua tukifika. Ungegombana nami ningejua la kufanya, maana kwenye ugomvi mimi ni hodari. Mama yako alisema niache, atazoea. Nilikuwa naona unazoea, na hicho ndicho kilichoanza kuninyima raha. Siku moja wakati wa mapumziko supavaiza alikusifu, akasema una mikono myepesi na utafika mbali palepale ghalani. Ukamshukuru. Ukanitafsiria na hilo.

Halafu ikaja ile harusi ya Columbus, mwezi wa kwanza, ambapo bwana harusi alikuwa mtoto wa Baba Riziki. Nilikuwa sijamwona tangu kambini. Amenenepa, ana suti ya rangi ya bahari, lakini jicho ni lilelile. Kabla hata sijakaa akaniita mbele ya meza nzima ya Wakongo kwa jina langu la zamani, Mtafsiri, na wakaanza kuzitaja filamu. Wewe ulikuwa unapita na sahani, ukasimama.

Baba Riziki akakuelekeza kidole kwa kucheka, akasema, "Baba yako alitudanganyaka sisi wote. Ile mzee hakukuwa anatafuta kiatu. Donc, viatu yake yote mbili ilikuwa ku maguu."

Meza ikaangua kicheko. Nikabisha. Nikasema hakuona vizuri, kioo cha televisheni kilikuwa kidogo. Yeye akasema aliiona ile kaseti mara kumi na moja, banda lilikuwa lake, na kila mara viatu vilikuwa miguuni. Nikamuuliza basi mzee alikuwa anafanya nini pale chini. Akainua mabega.

"Bon, mimi sijue," akasema. "Weye njo mtafsiri."

Na wewe ulicheka. Ulicheka mpaka ukaweka sahani chini. Nilikuwa sijakusikia hivyo tangu mwezi wa tano, nikaona heri nichekwe na Columbus nzima. Kwenye gari tukirudi hukuvaa visikilizio. Uliniuliza filamu yenyewe ikoje, nikakusimulia kuanzia Columbus mpaka karibu na nyumbani, mama yako akinirekebisha.

Ukaenda ukaitafuta. Sikukutuma. Hatukuwa na jina lake, tulikuwa na mzee, simu na viatu vya mbao, na bado mama wa maktaba akaipata, ikaletwa kutoka mji mwingine kwenye diski, na maandishi ya Kiingereza chini. Tukaiangalia Jumapili baada ya ibada, mama yako akipitisha maharage na ndizi, wewe kando yangu kwenye kochi unasoma na kunitafsiria. Ulikuwa unabadilisha sauti kwa kila mtu. Sijui kama unajua kwamba ulikuwa unafanya kama mimi.

Nikagundua nilikosea karibu kila kitu. Yule mtu wa kofia niliyemwita Afande kwa miaka yote alikuwa anakuja kusoma mita ya umeme. Yule niliyesema ni mganga alikuwa mshenga. Bibi jirani niliyewaambia watu anamlaani binti, kumbe anamuuliza kama simu inaweza kumtafutia kaka yake aliyepotea vitani. Mama yako alikuwa anacheka na kujipangusa macho kwa kanga, akinikumbusha nilivyokuwa nasema. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa nzuri zaidi kuliko yangu, na ndani yake hakuna mtu mbaya, ni watu tu waliochanganyikiwa na ujio wa vitu vipya.

Tukafika stesheni. Mzee akatupa viatu dirishani, akainama, midomo ikacheza, na treni ilikuwa inapiga kelele. Nikatazama miguu yake. Baba Riziki alikuwa amesema kweli. Nikasubiri unitafsirie, kisha nikakuuliza anasemaje.

Ukasema, bila kunitazama, "Anasema, nilificha viatu vyako kwa sababu bila wewe sijui kuipokea simu."

Mama yako akaacha kucheka. Nikasema filamu nzuri, nikaondoka kwenda kuangalia mafuta ya gari, gari ambalo halikuwa na shida yoyote.

Siku ya pili yake ulikuwa kazini na mimi nilikuwa na siku ya mapumziko. Nikamwomba Nadine anirudishie pale mwisho, aniambie mzee anasemaje. Akarudisha, akatazama, akarudisha tena. Akaniambia hakuna kitu, Baba, hawajaandika chochote, treni ina kelele na mzee hasikiki. Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia mara ya tatu, akaniambia kwa subira ile anayotumia na wazee kwamba pale hakuna maneno.

Nilikaa kwenye kochi na diski ikizunguka. Waliotengeneza ile filamu waliacha nafasi makusudi. Kambini niliijaza kwa kiatu kilichodondoka, nawe ukaijaza kwa habari yangu. Nilikuwa nadhani sababu yangu ya kweli hakuna anayeijua, nimeifunika vizuri, kumbe ulikuwa unaijua siku ileile kwa mwalimu, na ulinivumilia nayo mwaka mzima kwenye gari. Mara moja tu katika maisha yako ulinitafsiria uongo, na ndiyo mara pekee nilielewa kila kitu.

Hapa ndipo penye jambo nililokuficha. Wewe unadhani mwalimu alikupigia simu mwezi wa tatu kwa sababu alikukumbuka. Unadhani nilipokuambia "sawa, nenda" huku natafuna, ni mama yako alikuwa amenichosha. Mama yako hajui. Wiki moja kabla ya hiyo simu niliomba ruhusa kazini, nikavaa koti la kanisani, nikaenda shuleni kwako peke yangu. Pale mapokezi waliponisikia wakataka kuniitia mkalimani kwenye simu. Nikakataa. Siku nne nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi tatu katikati ya maboksi, na yule kijana Mkuba ninayefanya naye kazi alikuwa amenisahihisha mpaka tukachoka wote wawili, yeye mwenyewe Kiingereza chake ni cha kuokoteza.

Mwalimu akanikaribisha. Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza changu cha ghalani: mwaka jana nilisema hapana. Hilo hapana lilikuwa langu, si la binti yangu. Niliogopa. Hiyo ya mwisho haikuwa kwenye mazoezi, ilijitokea yenyewe. Kisha nikamuuliza kama bado kuna nafasi, na nikamwomba fomu nisaini.

Alinivutia kiti. Akaongea taratibu, akichora na kuandika kwenye karatasi ili nielewe, na nilipata kuelewa yote, ilichukua muda lakini nilielewa. Kwanza, kwamba sahihi yangu haihitajiki tena. Ulitimiza miaka kumi na nane mwezi wa kumi na moja, na tangu siku hiyo ungeweza kusaini mwenyewe na kuondoka. Pili, kwamba siku ile alipoongea muda mrefu, nawe ukaniambia "anasema sawa", alikuwa anasema nafasi yako itashikiliwa mwaka mzima.

Ulijua. Miezi yote ile ya skana na visikilizio ulijua mlango uko wazi, na tangu Novemba ulijua huhitaji kuniomba. Ulikuwa unanisubiri mimi. Nilitoka pale nikakaa kwenye gari, mtu mzima na koti la kanisani, nikalia, na sikujali nani anapita.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka mambo yawe mepesi nyumbani, na yamekuwa mepesi, Mungu ashukuriwe. Tangu masika tumecheka sana. Barua za ofisini nazifungua mwenyewe, nakaa nazo na kamusi, na mbili kati yake nilizielewa kinyume lakini hakuna aliyeumia. Kliniki ya mwezi wa sita niliongea mimi, mama yako akiwa shahidi, na daktari alinielewa. Kwa hiyo usiende na picha ya baba amesimama kliniki hana la kusema. Baba yupo sawa. Nina furaha, nakuambia kweli, nimeamka leo nikiimba mpaka Nadine akaniomba nipunguze.

Ila kuna moja halijasemwa, na siwezi kulisema kesho mbele ya shangazi yako na masufuria yake. Nilikuzuia kwa sababu niliogopa kubaki bila wewe, nikauita uoga wangu mila. Nilikufanya ulitamke hapana langu kwa mdomo wako. Nisamehe, mwanangu. Nakuomba nikiwa nimeinamisha kichwa, na safari hii hakuna kilichoanguka.

Kesho usinijibu. Nijibu ukishazoea kule, ukipata muda, na uandike kwa Kiingereza kama ndicho kinachokutoka vizuri. Usimwombe mtu anisomee. Nitaisoma mwenyewe, hata kama itanichukua wiki nzima.

Baba yako.